Ronald Ngala na Mseto wa Mwaka 1962

Ronald Gideon Ngala, Mgiriama wa Kilifi ambaye jina lake limebaki katika mojawapo ya barabara zenye pilikapilika nyingi jijini Nairobi, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Alisoma Alliance na Makerere, akafundisha Pwani, na mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Mwaka 1960 alikabidhiwa uongozi wa KADU, chama kipya cha jamii ndogo zilizohofia kumezwa na jamii kubwa zilizoiunga mkono KANU. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini washindi walikataa kuunda serikali ilhali Jomo Kenyatta angali kizuizini. Ngala alikubali kuiunda, akiongezewa nguvu na wajumbe walioteuliwa na Gavana Patrick Renison. Wapinzani wake walimwita kibaraka. Haki, hata hivyo, yataka ikumbukwe kwamba Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huohuo, serikali hiyo ikiwa madarakani.

Mapema mwaka 1962, katika mkutano wa Lancaster House, London, KADU ilidai majimbo yenye mabaraza yake, nayo KANU ikataka serikali moja yenye nguvu. Mabishano ya majuma kadhaa yalizaa serikali ya mseto ya kipindi cha mpito, mawaziri saba kutoka kila chama, chini ya Gavana. James Gichuru alishika Fedha, Tom Mboya Kazi, Daniel arap Moi Serikali za Mitaa. Oginga Odinga, makamu wa rais wa KANU, aliachwa nje kwa kuwa Waingereza hawakumtaka. Masuala ya katiba, kiini cha ugomvi wote, walipewa Kenyatta na Ngala kwa pamoja: Kenyatta akiwa pia na mipango ya uchumi, Ngala na utawala.

Kwa chama chenye wafuasi wachache, usawa huo ulikuwa ushindi mkubwa. Ngala aliutumia vyema, na katiba ya 1963 ikatambua majimbo. Lakini KANU ilishinda uchaguzi wa Mei mwaka huo. Ngala akabaki kiongozi wa upinzani na rais wa Jimbo la Pwani. Novemba 1964, wafuasi wake wakizidi kuhama, aliivunja KADU na kujiunga na KANU. Baadaye Kenyatta alimrudisha barazani. Alikuwa bado waziri alipofariki tarehe 25 Desemba 1972, kufuatia ajali ya barabarani.