John Merbecke, Mpiga Kinanda wa Windsor

Katika Kanisa la Anglikana wako Wakristo wengi walioimba Ekaristi kwa sauti za Merbecke pasipo kujua ya kuwa Merbecke ni jina la mtu. Twaona vema kueleza habari zake, maana mabishano juu ya vyombo vya muziki kanisani hayaishi, na mtu huyu aliyaonja kuliko wengi wetu.

John Merbecke alizaliwa Uingereza yapata mwaka 1510. Alikuwa mwimbaji, tena mpiga kinanda, katika kanisa la Mtakatifu George lililo ndani ya ngome ya mfalme huko Windsor. Siku zile ibada ilikuwa kwa Kilatini. Waimbaji waliimba sauti nyingi zilizopishana, na silabi moja ikavutwa kwa noti nyingi, hata msikilizaji asijue neno limeanzia wapi. Tena palikuwa na desturi ya kupokezana: waimbaji waliimba ubeti mmoja, na ubeti wa pili ukapigwa na kinanda peke yake, wala hapana mtu aliyeutamka. Basi sehemu kubwa ya maneno ya sala haikuimbwa na mtu yeyote. Yafaa tukumbuke jambo hili tusikiapo kwamba watu wa Matengenezo ya Kanisa walichukia muziki. Wako waliouchukia kweli, lakini wengi waliuliza tu, maneno yatawafaaje watu yasiposikika?

Mwaka 1537 Biblia ya Kiingereza iliyoitwa ya Matthew ilipigwa chapa. John Foxe, aliyeandika habari za mashahidi wa Uingereza, asimulia kwamba Merbecke hakuwa na fedha za kuinunua. Akaazima, akaanza kuinakili kwa mkono. Alipofika kitabu cha Yoshua, rafiki yake alimwonea huruma, akamshauri afanye kazi nyingine yenye faida zaidi: atunge itifaki, yaani kitabu cha kuonyesha kila neno lapatikana wapi katika Biblia. Itifaki ya Biblia nzima kwa Kiingereza haikuwapo bado. Merbecke hakuwa mtu wa elimu kubwa, na Kilatini chake kilikuwa haba, lakini alichukua itifaki ya Kilatini iwe kielelezo, akaanza na herufi A.

Alikuwa amefika herufi L hapo nyumba yake ilipopekuliwa, Machi 1543. Wapekuzi walikuta karatasi zake za itifaki, na pia waraka wa Calvin wa kuipinga Misa, aliounakili mwenyewe. Akatiwa gerezani London. Foxe aeleza kwamba wakubwa walimtaka awataje wenzake, naye hakukubali kuwasaliti. Hawakusadiki pia kwamba mpiga kinanda angeweza kufanya kazi kubwa namna ile bila msaada, wakampa maneno ya herufi M ili wamjaribu. Akayafanya mle gerezani, wakastaajabu.

Hata hivyo alihukumiwa kufa pamoja na watu watatu: Anthony Peerson, padre, Robert Testwood, mwimbaji mwenzake wa kanisa lile lile, na Henry Filmer, mshona nguo. Hao watatu walichomwa moto Windsor mwaka ule ule wa 1543. Merbecke peke yake alipata msamaha wa mfalme. Husemwa kwamba Askofu Gardiner wa Winchester alimwombea, na kwamba ustadi wake wa muziki ndio uliomponya. (Foxe mwenyewe, katika kitabu chake cha 1563, alimhesabu Merbecke miongoni mwa waliochomwa, ikampasa kusahihisha, maana mtu yu hai!)

Alirudi Windsor kwenye kinanda chake, na itifaki akaianza upya tangu mwanzo kwa kuwa karatasi zake zilikuwa zimechukuliwa. Ilitoka mwaka 1550, na katika maneno ya kumwelekea Mfalme Edward VI alisikitika ya kuwa sehemu kubwa ya maisha yake ilipotea bure katika kujifunza muziki na kupiga vinanda.

Mwaka huo huo wa 1550, na kwa mpiga chapa yule yule, Richard Grafton, Merbecke alitoa kitabu cha kuimbia Kitabu cha Sala cha 1549. Alifuata shauri ambalo Askofu Mkuu Cranmer alikuwa amekwisha kulitoa: karibu kila silabi iwe na noti yake moja. Sauti ni moja tu, wala hakuandika sehemu yoyote ya kinanda. Padre na waimbaji waliweza kuimba, na watu wakasikia kila neno. Hapo sisi hatukubaliani naye kwamba miaka yake ya muziki ilikuwa hasara. Asiye fundi hawezi kuzifanya noti chache hivyo zikae vizuri juu ya maneno. Na kama habari za Gardiner ni kweli, pasingalikuwa na itifaki pia.

Mwaka 1550 amri zilitolewa Windsor kuhusu kinanda kilichonyamazishwa. Ziliagiza kwamba Merbecke na mwenzake, George Thaxton, wazidi kulipwa mshahara wao maisha yao yote, kana kwamba kinanda kingali kinapigwa. Twapenda uungwana huo. Si kila mahali mabadiliko ya ibada huwakumbuka watumishi.

Kitabu chake cha nyimbo hakikudumu. Kitabu cha Sala kilibadilishwa mwaka 1552, na noti zake zikawa hazilingani tena na maneno. Chini ya Malkia Elizabeth, mwaka 1563, baraza la makasisi wa jimbo la Canterbury lilipigiwa kura mambo kadhaa, mojawapo kuviondoa vinanda makanisani. Hoja ilishindwa kwa kura moja tu, 59 kwa 58.

Merbecke aliendelea kuishi Windsor na kuandika vitabu vya dini hata alipofariki yapata 1585. Mwanawe Roger alikuwa tabibu wa Malkia. Sauti zake za Ekaristi zililala karibu miaka mia tatu, zikafufuliwa katika karne ya 19 na kuenea pamoja na Kanisa la Anglikana katika nchi nyingi. Wapiga vinanda ndio walioziandikia sehemu ya kinanda.