Mitchell: Fundi wa Spitfire Aliyeanza na Vijindege

Miongoni mwa ndege za kivita ambazo watu huziunda kwa umbo dogo, kwa plastiki na gundi, wakaziweka kabatini kuwa pambo, ni chache zipendwazo kama Spitfire ya Waingereza. Bingwa wa kazi hiyo haridhiki na vipande alivyovikuta ndani ya boksi. Hununua kando viti vya resini, mikanda ya rubani iliyokatwa katika bati jembamba la shaba, magurudumu na mabomba ya moshi, kisha huvibandika kimoja kimoja kwa kibano. Mtu aliyeibuni ndege yenyewe, naye alianza na vijindege.

Mtu huyo ni Reginald Joseph Mitchell. Alizaliwa tarehe 20 Mei, 1895, katika kijiji cha Butt Lane, jimbo la Staffordshire. Babake alikuwa mwalimu, na baadaye akashika kazi ya kupiga chapa. Siku hizo habari za ndege zilikuwa ngeni, kwani ndugu wawili wa Kimarekani, akina Wright, waliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1903, Mitchell akiwa mtoto wa miaka minane. Alipokuwa mwanafunzi katika shule ya Hanley alikuwa akibuni vijindege vyake mwenyewe, akiviunda na kuvirusha. Hapakuwa na boksi wala karatasi ya maelekezo. Ubawa uliokatwa vibaya haukuhitaji hakimu, maana kijindege kilianguka papo hapo.

Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 16, aliingia uanagenzi katika kiwanda cha magari ya moshi cha Kerr Stuart. Mchana alishika kazi kiwandani, na usiku akaenda kusoma hesabu, umakanika na uchoraji wa mitambo. Mwaka 1917 akapata kazi katika kampuni ya Supermarine, mjini Southampton, iliyokuwa ikiunda ndege za kutua majini. Haikuchukua muda nyota yake ikang'ara. Mwaka 1919, umri wake haujatimia miaka 25, alifanywa mkuu wa wabunifu.

Jina lake lilivuma kwa mashindano ya mbio za ndege za majini ya kombe la Schneider. Si kwamba alishinda kila mara. Ndege yake S.4 ilianguka majini huko Baltimore, Marekani, mwaka 1925. Lakini mvumilivu hula mbivu. Ndege zake zilishinda mwaka 1927 mjini Venice, zikashinda tena 1929 na 1931, hata kombe likawa mali ya Uingereza moja kwa moja. Mwaka huo wa 1931, S.6B ilipita mwendo wa maili 400 kwa saa, jambo ambalo hakuna ndege iliyowahi kulifanya kabla yake.

Basi mwaka 1933, wakati nyota yake iko juu, akapatikana na saratani. Alipasuliwa, akaishi na athari za upasuaji huo, huku akijua kwamba maradhi yale huenda yakarudi. Mwingine angeacha kazi akapumzika. Yeye alirudi kwenye meza yake ya kuchorea. Mwaka 1934 ndege yake ya kwanza ya kivita, iliyoitwa 224, ilionekana nzito na yenye mwendo mdogo. Akaiweka kando, akaanza upya. Mwaka huo huo, mgonjwa yule alijifunza urubani akapata cheti.

Kazi aliyoianza upya ndiyo iliyozaa Spitfire. Yeye na wasaidizi wake, akiwamo Beverley Shenstone kutoka Kanada, waliipa mabawa membamba yenye ukingo wa duaradufu, ambayo juu ya wembamba huo yaliweza kubeba bunduki nane. Iliruka kwanza tarehe 5 Machi, 1936, katika uwanja wa Eastleigh, Mitchell mwenyewe akitazama. Jina la Spitfire hakulipenda. Lakini serikali iliipenda ndege, na mwezi wa Juni ikaagiza ndege 310.

Wapenzi wa vijindege hubishana sana juu ya ribiti, zionekane au zisionekane. Kumbe ubishi huo ulikuwako hata kiwandani. Kutaka kujua kama ribiti zenye vichwa zitapunguza mwendo, mafundi walibandika kwa gundi njegere kavu zilizopasuliwa, moja juu ya kila ribiti, wakairusha ndege. Mwendo ulipungua kwa maili 22 hivi kwa saa. Wakawa wanazibandua kidogo kidogo na kuirusha tena, hata wakajua ni wapi lazima ribiti zilale na ni wapi hazina madhara.

Mapema mwaka 1937 maradhi yakarudi. Alipelekwa Vienna kutafuta tiba, isipatikane. Alifariki nyumbani kwake tarehe 11 Juni, 1937, akiwa na umri wa miaka 42. Kikosi cha kwanza kilipokea Spitfire Agosti 1938, na katika vita vya angani vya mwaka 1940 ndege hiyo, pamoja na Hurricane, ilisaidia kuikinga Uingereza. Joseph Smith aliyemrithi aliiendeleza toleo baada ya toleo, na zaidi ya ndege 20,000 zikatengenezwa. Mitchell hakuiona hata moja ikienda vitani.

Kwa hiyo bingwa anayetaka kijindege kilicho karibu na mkono wa Mitchell hutafuta vipande vya ziada vya Spitfire za mwanzo. Hutoa rafadha yenye mapanga matatu akatia ile ya mbao yenye mawili, na kioo cha juu kilichovimba akakibadili kwa kilicho bapa. Katika kipimo cha moja kwa 72, mabawa yote mawili hayafiki sentimita 16 toka ncha hadi ncha. Kwenye ukingo wao msasa hupitishwa polepole, kwani ukizidi kidogo tu, umbo alilolihangaikia mgonjwa yule hupotea.