Mjane wa Reims aliyeokoa biashara ya mvinyo ya wakwe zake

MNAMO Julai 2010, wapiga mbizi waliokuwa wakichunguza mabaki ya merikebu katika Bahari ya Baltiki, karibu na visiwa vya Aland nchini Finland, walikumbana na chupa za kale za mvinyo zilizokuwa zimelala gizani, kina cha takriban mita 50, tangu karne ya 19. Chupa zenyewe zilikuwa 168. Wataalamu walipozichunguza vizibo, walitambua kwamba baadhi zilitoka katika nyumba ya biashara ya Veuve Clicquot, mjini Reims, Ufaransa. Mwaka uliofuata, chupa moja ya nyumba hiyo iliuzwa mnadani kwa euro 30,000.

Katika Kifaransa, neno 'veuve' lina maana ya mjane. Jina hilo halikubuniwa na watangazaji wa bidhaa. Mjane huyo aliishi, akafanya kazi, akapata hasara na faida, na wakati chupa hizo zikizama baharini alikuwa angali hai. Aliitwa Barbe-Nicole Clicquot.

Alizaliwa Reims mnamo Desemba 16, 1777, akiwa binti wa Nicolas Ponsardin, tajiri aliyekuwa na viwanda vya nguo. Mapinduzi ya Ufaransa yalipolipuka mwaka wa 1789, Barbe-Nicole alikuwa msichana wa miaka 11. Babake, ambaye kabla ya hapo alitamani kuhesabiwa miongoni mwa watukufu, aligeuka upesi na kujiunga na wanamapinduzi. Ujanja huo uliiokoa familia yake wakati ambapo matajiri wengi walipoteza mali, na wengine vichwa. Baadaye Napoleon alimteua kuwa meya wa Reims.

Mwezi wa Juni 1798, Barbe-Nicole aliolewa na François Clicquot, mwana wa pekee wa Philippe Clicquot, ambaye pia alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Mzee Philippe alikuwa ameanzisha biashara ya mvinyo mnamo 1772, ila aliichukulia kama kazi ya kando tu, ya kuongezea pato la vitambaa. Kijana François aliona mambo kwa jicho tofauti. Alitaka mvinyo uwe ndio biashara yenyewe, akaanza kusafiri Ulaya kutafuta wateja, na akamwajiri Mjerumani hodari, Louis Bohne, kuwa wakala wake wa mauzo. Mwaka wa 1799, wawili hao walijaliwa binti, Clémentine.

Ndoto hiyo haikudumu. Oktoba 1805, François aliugua ghafla akaaga dunia, akimwacha mkewe akiwa na umri wa miaka 27 na mtoto mdogo wa kulea. Mzee Philippe, aliyelemewa na majonzi ya kumzika mwanawe wa pekee, aliazimia kuifunga biashara ile.

Hapo ndipo mjane alipomwendea baba mkwe wake na kumwomba asifunge. Uzito wa ombi hilo unaeleweka tukikumbuka sheria ya wakati huo. Chini ya sheria za kiraia zilizotolewa na Napoleon mnamo 1804, mwanamke aliyeolewa alikuwa chini ya mamlaka ya mumewe na hakuweza kuingia mikataba bila idhini yake. Msichana naye alikuwa chini ya babake. Mjane aliweza kusimama kwa jina lake mwenyewe mbele ya benki, mahakama na wateja. Msiba uliomwondolea Barbe-Nicole mume ndio uliompa uhuru wa kufanya kazi.

Mzee Philippe alikubali, lakini kwa sharti. Mjane alitakiwa kushirikiana kwa miaka minne na Alexandre Fourneaux, mfanyabiashara mzoefu wa mvinyo, ili apate kufundishwa kazi. Ilikuwa miaka ya shida. Vita vya Napoleon vilikuwa vimefunga bandari nyingi za Ulaya, shehena zilikwama njiani na kuharibika, na wateja wa mbali hawakufikika. Mkataba ulipomalizika mnamo 1810, Fourneaux aliamua kwenda zake. Mjane alibaki, akaisajili kampuni kwa jina la Veuve Clicquot-Ponsardin, yaani jina la ujane likifuatwa na la mumewe na la babake.

Mavuno ya zabibu ya mwaka wa 1811 yalikuwa mema kupindukia. Mwaka huo nyota yenye mkia ilionekana angani kwa miezi kadhaa, na wakulima wa mizabibu waliamini kwamba ndiyo iliyoleta neema. Hata hivyo, mvinyo mzuri usio na mnunuzi ni mzigo. Urusi, iliyokuwa soko lililotegemewa zaidi, ilipiga marufuku mvinyo wa Ufaransa wa chupa mnamo 1812, na mapema mwaka wa 1814 majeshi ya maadui yaliingia Reims kwenyewe.

Wafanyabiashara wengine walikaa wakisubiri amani itangazwe rasmi. Mjane hakusubiri. Napoleon alipojiuzulu Aprili 1814, alikodi kwa siri merikebu ya Kiholanzi, akaipakia chupa 10,550 na kumtuma Bohne pamoja nazo hadi bandari ya Königsberg, kwenye Baltiki, ilhali marufuku ya Urusi ilikuwa bado haijaondolewa. Shehena hiyo ingekamatwa, au chupa zingepasuka kwa joto la safari, kampuni ingekuwa imekwisha. Marufuku iliondolewa, chupa zikafika salama, na wanunuzi wakazigombania. Kabla ya washindani wake kung'oa nanga, mjane alikuwa tayari ametuma shehena ya pili, iliyoelekea St. Petersburg. Tangu hapo, jina la Clicquot lilienea katika kumbi za wakuu wa Urusi.

Mafanikio hayo yalizaa tatizo jipya, kwani wateja walitaka chupa nyingi kuliko alivyoweza kuzitayarisha. Shampeni huchachuka mara ya pili ikiwa ndani ya chupa iliyozibwa, na ndiyo sababu ina povu. Chachu ikishamaliza kazi yake, hufa na kuacha mashapo yanayoutia mvinyo ukungu. Wakati huo, njia za kuyaondoa mashapo hayo zilikuwa za taratibu mno, na zilipoteza mvinyo na povu lenyewe.

Simulizi za nyumba hiyo husema kwamba mnamo 1816 mjane aliamuru meza ya jikoni mwake itobolewe matundu, kisha chupa zichomekwe humo shingo zikielekea chini. Kila siku, chupa zilizungushwa na kutikiswa kidogo. Baada ya majuma kadhaa, mashapo yote yalikuwa yametua juu ya kizibo. Kilichobaki ni kufungua chupa kwa haraka, uchafu ukatoka, ukabaki mvinyo mwangavu kama maji ya chemchemi. Msimamizi wa maghala yake, Antoine Müller, alisaidia kuiboresha mbinu hiyo. Waliifanya siri kwa miaka kadhaa kabla ya washindani kuigundua, na hatimaye ikawa desturi ya eneo zima la Champagne.

Si kila uamuzi wake ulikuwa wa busara. Katika miaka ya 1820, akishawishiwa na mshirika wake Georg Kessler, aliingiza fedha katika nguo na akafungua benki. Kessler aliondoka mnamo 1826, akarudi kwao Ujerumani na kuanzisha kampuni yake ya mvinyo wa povu. Miaka miwili baadaye, benki moja ya Paris iliyohusiana na ile ya mjane ilianguka, na kampuni nzima ikawa karibu kufilisika. Aliyeiokoa ni Eduard Werle, Mjerumani mwingine aliyeajiriwa mwaka wa 1821 akiwa kijana, ambaye aliiweka mali yake binafsi hatarini ili wadai walipwe. Mjane hakuusahau wema huo. Aliachana na benki na nguo, na mnamo 1831 akamfanya Werle kuwa mshirika.

Wakati huo, familia yake ilikuwa imekua. Clémentine alikuwa ameolewa mwaka wa 1817 na Louis de Chevigné, mwungwana wa ukoo wa kale lakini asiye na mali, mpenda ushairi, starehe na kamari. Mjane alimpenda mkwewe huyo na alimlipia madeni mara kwa mara. Aliwajengea kasri la fahari huko Boursault, na hakuwanyima chochote. Kitu kimoja tu hakuwapa, nacho ni funguo za maghala.

Alipostaafu mnamo 1841, akiwa na umri wa miaka 63, alimkabidhi Werle usimamizi wa kampuni. Binti, mkwe na wajukuu walirithi mashamba, majumba na fedha. Biashara ilikwenda kwa aliyeijua. Huenda uamuzi huo uliwauma wengine nyumbani, lakini yeye mwenyewe aliipata biashara ile kwa kuonyesha kwamba anaiweza, na alijua jinsi ilivyokaribia kupotea mara mbili. Werle akaja kuwa meya wa Reims, na mwanawe Alfred akaiendesha kampuni baada yake.

Barbe-Nicole Clicquot hakuolewa tena. Aliishi muda mrefu kuliko wengi aliowapenda, hata akamzika Clémentine mnamo 1863. Katika picha mashuhuri aliyochorwa na Léon Cogniet, anaonekana akiwa bikizee mnene, mwenye macho makali, huku kitukuu chake Anne akiwa miguuni pake. Alifariki Boursault mnamo Julai 29, 1866, akiwa na umri wa miaka 88. Anne ndiye aliyerithi kasri hilo. Alikuja kuwa mke wa Duke wa Uzès, na mnamo 1898 akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini Ufaransa kupata leseni ya kuendesha gari.

Ukoo wa Clicquot haukuendelea, kwa kuwa François hakuacha mwana wa kiume wa kulibeba jina. Kampuni yenyewe sasa ni mali ya shirika kubwa la LVMH. Hata hivyo, jina lililo kwenye chupa ni la familia hiyo, na limetanguliwa na neno mjane, ambalo mwanamke wa miaka 27 angeweza kulichukua kuwa mwisho wa maisha yake.