Alan Turing

Alan Mathison Turing (London, 23 Juni 1912 – Wilmslow, 7 Juni 1954) alikuwa mwanahisabati kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa mchango wake katika kuvunja msimbo wa siri wa Enigma uliotumiwa na Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kwa kuweka msingi wa nadharia ya kompyuta.

Maisha ya awali

Baba yake, Julius Turing, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini Uhindi. Wazazi walipokuwa huko, Alan na kaka yake John walilelewa na watu wengine Uingereza. Alisoma shule ya Sherborne, na tangu mwaka 1931 alisoma hisabati kwenye King's College, Cambridge.

Mwaka 1936 aliandika makala iliyoeleza mashine ya kufikirika inayosoma na kuandika alama kwenye utepe, hatua kwa hatua, kwa kufuata kanuni. Alionyesha kwamba mashine moja ya namna hiyo inaweza kufanya kazi za mashine nyingine zote ikipewa maelekezo. Leo inaitwa mashine ya Turing. Alipata shahada ya uzamivu kwenye Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1938.

Kuvunja Enigma

Tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kuingia vitani, Turing alianza kazi Bletchley Park, kituo cha siri cha kusoma ujumbe wa adui. Enigma ilikuwa mashine yenye magurudumu yaliyobadilisha kila herufi kuwa nyingine. Mipangilio yake ilikaribia trilioni milioni 159, kwa hiyo Wajerumani waliamini kwamba hakuna anayeweza kuijaribu yote.

Wanahisabati wa Poland, wakiongozwa na Marian Rejewski, walikuwa wamevunja Enigma ya awali tangu mwaka 1932, na Julai 1939 waliwapa Waingereza maarifa yao. Turing alibuni mashine ya umeme iliyoitwa Bombe, ambayo Gordon Welchman aliiboresha. Njia hiyo ilitumia udhaifu mmoja: Enigma haikuweza kugeuza herufi kuwa herufi ileile. Wavunja msimbo walikisia maneno yaliyotarajiwa katika ujumbe, kwa mfano taarifa za hali ya hewa, na Bombe ikatupa mipangilio isiyowezekana.

Turing aliongoza kazi ya kusoma ujumbe wa jeshi la majini. Februari 1942 nyambizi za Kijerumani katika Atlantiki zilipewa Enigma yenye gurudumu la nne, na ujumbe wake haukusomeka hadi Desemba mwaka huo. Wakati huo meli nyingi zilizobeba chakula na silaha zilizamishwa.

Kazi ya Bletchley Park ilikuwa na tawi Afrika Mashariki. Mwaka 1942, baada ya Japani kushambulia Colombo, wavunja msimbo wa Kiingereza walihamia Kilindini, Mombasa, wakatumia majengo ya shule ya Allidina Visram. Turing mwenyewe hakufanya kazi huko. Kituo hicho kilivunja msimbo wa meli za biashara za Japani ulioitwa JN-40, kisha mwaka 1943 kikarudi Colombo.

Baada ya vita

Mwaka 1945 Turing alianza kubuni kompyuta kwenye maabara ya taifa ya fizikia, na mwaka 1948 alihamia Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 1950 alichapisha makala kuhusu swali la kama mashine inaweza kufikiri, iliyokuwa chanzo cha jaribio la Turing.

Hukumu na kifo

Mwaka 1952 alitiwa hatiani kwa mahusiano ya kimapenzi na mwanamume, jambo lililokuwa kosa la jinai Uingereza wakati huo. Ili asifungwe alikubali kupewa homoni kwa mwaka mmoja. Pia alinyang'anywa kibali cha kufanya kazi za siri za serikali. Alifariki kwa sumu ya sianidi akiwa na umri wa miaka 41. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba alijiua. Kazi yake ya wakati wa vita ilibaki siri hadi miaka ya 1970. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009, na mwaka 2013 alipewa msamaha wa kifalme.

Turing na usalama wa data

Mwaka 1985 David Deutsch alipanua wazo la mashine ya Turing hadi kompyuta ya kwanta, inayofuata kanuni za fizikia ya chembe ndogo sana. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta kama hiyo, ikiwa kubwa vya kutosha, inaweza kugawanya haraka namba kubwa katika vigawo vyake tasa. Ugumu wa hesabu hiyo ndio kinga ya RSA, mfumo wa usimbaji fiche wa mwaka 1977 unaotumika sana kwenye intaneti.

Kompyuta ya ukubwa huo bado haijatengenezwa. Hata hivyo, data iliyosimbwa leo inaweza kuhifadhiwa na adui na kufunguliwa baadaye, hivyo siri zinazopaswa kudumu miaka mingi ziko hatarini tayari. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango 3 vya kwanza vya usimbaji vinavyokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta. Kama ilivyokuwa kwa Enigma, wingi wa mipangilio pekee si kinga dhidi ya mashine na mbinu mpya.