Sidi Mubarak Bombay na Nishani Yake

Katika nchi ya Wayao alizaliwa mtoto ambaye jina lake la kwanza halijulikani tena. Wafanya biashara wenye silaha walikiingia kijiji chao kwa ajili ya deni la nguo, wakamteka, wakampeleka Kilwa. Huko akauzwa, kisha akavushwa bahari mpaka Bara Hindi. Bwana wake alipokufa, aliachwa huru, akarudi Afrika, akawa askari wa Sultani karibu na Pangani. Ndipo Burton na Speke walipomkuta, mwaka 1857.

Agosti 1858 alikuwa pamoja na Speke walipolitazama Ziwa Nyanza. Katika safari ya pili waligombana, na Speke akampiga usoni mbele ya watu. Bombay akaondoka kwa hasira. Lakini akarudi kazini, wakafika Misri mwaka 1863. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikampa nishani ya fedha, yeye aliyeuzwa kwa nguo!

Baadaye alikwenda Ujiji pamoja na Stanley, na pamoja na Cameron akavuka bara hata bahari ya magharibi, mwaka 1875. Chama kikamwekea malipo ya uzeeni. Alikufa mwaka 1885.