Gandhi: kazi ni ibada, lakini mshahara ni haki

Anayechunga ng'ombe wa mwingine kwenye vilima vya Mushaki anajua: kazi inaweza kukupa heshima, na inaweza pia kukuacha na njaa. Jambo hilo Mohandas Gandhi alikutana nalo mwaka wa 1918 kule Ahmedabad, mji wa viwanda vya nguo nchini India.

Gandhi alizaliwa 1869 katika jamaa ya Wahindu. Bhagavad Gita, kitabu kikubwa cha dini yake, alianza kukisoma akiwa mwanafunzi wa sheria London. Somo alilolishika sana ni hili: fanya kazi kwa moyo wote, bila roho yako kufungwa na faida. Huko Afrika Kusini alilima kwa mikono yake, na choo alisafisha mwenyewe.

Patroni mbaya angefurahia somo hilo: kama mfanyakazi hatafuti faida, basi alipwe kidogo tu. Gandhi alikataa. Kwake, tajiri ndiye wa kwanza kuguswa na somo hilo, sababu mali yake ni amana.

Kule Ahmedabad, wakati bei zimepanda juu ya vita, wenye viwanda waliondoa nyongeza waliyolipa wakati wa tauni. Wafanyakazi wakaomba nyongeza ya asilimia 35. Mapatroni wakasema 20, kiisha wakafunga milango. Kiongozi wao alikuwa Ambalal Sarabhai, rafiki ya Gandhi. Upande wa wafanyakazi alisimama Anasuya, dada yake Ambalal.

Kila siku Gandhi alikutana na wafanyakazi chini ya mti, akiwaomba wasipige mtu. Njaa ikaingia majumbani. Wengine wakanung'unika kwamba yeye anakula wakati wao wanakosa. Maneno hayo yalimchoma. Tarehe 15 Machi akaacha kula. Siku 3 baadaye, pande mbili zikakubali kumwachia msuluhishi aamue, naye akaamua asilimia 35. Gandhi mwenyewe alikiri kwamba kufunga kwake kuliwabana mapatroni, ambao walikuwa rafiki zake.

Mwaka wa 1920 wafanyakazi hao wakapata chama chao. Gandhi aliuawa tarehe 30 Januari 1948, na sehemu ya majivu yake ikamwagwa Jinja, Uganda, pale mto Nile unapoanzia.

Kwa wakaaji wa Mushaki, somo lake bado liko wazi: anayekamua maziwa afanye kazi kwa moyo safi, na mwenye ng'ombe asigeuze moyo huo kuwa sababu ya kumnyima haki yake.