George Eliot: aliliacha kanisa, akamtunga mhubiri

Wadau, kwa wale ambao jina hili ni geni, George Eliot alikuwa mwanamke. Ni Mary Ann Evans, kazaliwa 1819 huko Warwickshire, Uingereza, binti wa msimamizi wa mashamba ya matajiri. Jina la kiume alilichukua baadaye, alipoanza kuandika hadithi.

Usichana wake alikuwa mlokole haswa. Mwaka 1841 akahamia Coventry na baba yake, akakutana na watu wa kusoma na kuhoji, na Januari 1842 akagoma kwenda kanisani. Mzee alikuja juu, nusura wasiishi tena nyumba moja. Mwisho wakaafikiana: Jumapili ataenda kukaa kwenye benchi, ila kichwani atawaza anachotaka. Na ni yeye aliyemuuguza mzee huyo mpaka akafariki 1849.

Mwaka 1854 kikatoka kitabu cha Feuerbach alichokitafsiri kutoka Kijerumani. Hoja yake ni kwamba upendo na huruma ambavyo watu wanampa Mungu ni vya binadamu wenyewe. Mwaka huo huo akaanza kuishi na George Henry Lewes, mume wa mtu ambaye sheria haikumwachia kutoa talaka. Kaka yake Isaac alipojua akamchunia kwa zaidi ya miaka 20.

Sasa mtu kama huyo ungetegemea akishika kalamu awaponde wahubiri. Wapi! Kwenye Adam Bede (1859), riwaya yake ndefu ya kwanza, mtu mwema kuliko wote ni Dinah Morris, binti wa kiwanda cha pamba anayehubiri kwa Wamethodisti. Mbegu yake ni Elizabeth, mke wa baba mdogo wa mwandishi, mhubiri kweli, aliyewahi kukesha gerezani na msichana aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtoto wake.

Riwayani msichana huyo ni Hetty. Kadanganywa na kijana wa kitajiri, kachanga kamtelekeza porini, na gerezani hataki kusema neno na mtu. Dinah anaingia, anamkumbatia, wanafungiwa wote gizani. Dinah anasali, ndiyo, na mwandishi hamcheki hata kidogo. Ila kwa jinsi ninavyosoma mimi, kinachomfungua Hetty mdomo ni ule mkono wa mwenzake. Hata nafuu ya hukumu haishuki mbinguni: analetewa na yule yule kijana aliyemharibia, mbio juu ya farasi.

Hapo Eliot kanipata. Asipoelewana na mimi ni mwishoni. Wamethodisti walipiga marufuku wanawake kuhubiri mwaka 1803, na Dinah, akiwa keshaolewa, anatii na kunyamaza. Jamani! Elizabeth mwenyewe alipozuiwa aliwahama, akajiunga na kundi lingine la Wamethodisti.